Watu Wanne Ndani ya Ufa

Ndugu zangu, kaeni. Akina mama mlio mlangoni na watoto, sogeeni, huku mbele kuna nafasi. Leo sitapaza sauti. Habari niliyo nayo haitaki kelele, inataka mtu atulie asikilize, kisha ajiangalie.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Wakesho. Aliolewa katika nyumba ya ndugu watatu waliofiwa na wazazi wakingali wadogo. Mkubwa wao alikuwa Mwadime. Wa kati aliitwa Righa, na huyo ndiye aliyemwoa Wakesho. Kitinda mimba alikuwa Mshai, msichana ambaye wakati wa habari hii alikuwa mtu mzima tayari, mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza, mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu.

Wazazi walipoondoka, Mwadime alikuwa mwanafunzi. Aliacha shule akawalea wenzake. Alipika, alifua, alisuka nywele za Mshai vibaya vibaya hadi majirani wakamwonea huruma wakamfundisha. Siku ya mkutano wa wazazi alikwenda shuleni akakaa kwenye benchi pamoja na watu wenye umri wa baba yake, naye sauti bado inamvunjika. Nyoka akiingia ndani, anayeamka ni Mwadime. Mlango ukigongwa vibaya, anayefungua ni Mwadime. Basi katika nyumba ile likakua neno moja ambalo hakuna aliyewahi kulitamka, lakini wote walilijua: Mwadime haogopi. Wakesho alipoolewa alilikuta pale likimngoja, kama unavyokuta kiti cha mwenye nyumba ambacho mgeni haambiwi asikikalie, ila anajua tu.

Sasa Mwadime alipata kazi ya kuchimba visima kaskazini, nchi kavu, ambako unaweza kusafiri tangu asubuhi usione kitu kibichi isipokuwa michongoma. Kule mwamba ni mwekundu, na mahali pengine umepasuka kutoka juu hadi chini kama mkate uliokaukia juani. Ufa ukiutazama kutoka juu unaona mstari tu, mtu angeweza kuuruka. Lakini ukishuka ndani, ndugu yangu, umeingia dunia nyingine. Kuta zimekwenda juu kushinda paa la kanisa hili mara kadhaa. Chini ni mchanga laini. Njia yenyewe mahali pengine inatosha watu wawili kupita bega kwa bega, mahali pengine unapita upande upande, kifua kinagusa ukuta huu na mgongo unagusa ule. Mbingu unaiona kama utepe. Na kuta hizo ni laini, zimesuguliwa zikang'aa, zina mikunjo kama kitambaa. Wenye kuzitembelea husema hawajaona kitu kizuri kuliko hicho.

Lakini niwaulize: jiwe hilo lililainishwa na nini? Nani aliyelisugua?

Ni maji, ndugu zangu. Maji ndiyo fundi wa mahali pale. Kwa miezi mingi hayapo kabisa, mchanga ni mkavu hata mjusi analalamika. Kisha mvua inanyesha huko milimani, mbali, mahali ambapo wewe uliye ndani ya ufa huwezi kupaona. Juu yako jua linawaka. Hakuna tone. Na maji yako njiani.

Mwadime alikuwa amepita kwenye ufa mmoja wa namna hiyo pamoja na wenzake wa kazini, akapendezwa mno. Likizo ilipofika aliwaita ndugu zake waje wauone. Wakaja wote, Righa na mkewe Wakesho, na Mshai. Dereva aliwapeleka asubuhi hadi juu ya uwanda wa mawe, akawaacha, akazunguka na gari kwenda kuwangoja chini, mahali ufa unapotokea kwenye tambarare. Walikuwa watembee ndani yake tangu juu hadi chini.

Wakesho aliposhuka kwenye gari alinyoosha mgongo, akatazama milima iliyo upande wa mawio. Hapo ndipo alipoliona wingu. Lilikuwa mbali sana, dogo kwa kulitazama, lakini lilikuwa jeusi, na chini yake palikuwa na kitu cha kijivu kilichoshuka hadi ardhini kama pazia. Alijua ni mvua. Moyo wake ukamwambia, mwambie shemeji. Akamtazama Mwadime. Mwadime alikuwa amepiga magoti akikunjua kamba, anapiga mluzi. Akamtazama mumewe. Righa alikuwa anafunga viatu.

Wakesho akajiambia: hawa ndio watu wa safari hii, mimi ni mke tu niliyeletwa. Nikisema turudi, nitakuwa yule mke wa Righa aliyeharibu likizo ya watu. Tena kaka mkubwa yupo, na kama kungekuwa na hatari angesema.

Akavaa mkoba wake akanyamaza.

Walitembea kidogo ndani ya ufa ulipokuwa bado mpana, hadi wakafika mahali unapokatika ghafla. Sakafu inaisha, na sakafu nyingine iko chini kama kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Hapo watu wa kazi hiyo wamepigilia pete ya chuma ukutani. Kamba hupitishwa katikati ya pete, ncha zote mbili zikaning'inia hadi chini. Mnashuka mmoja mmoja, mshipi umefungwa kiunoni. Wote wakishafika, mnavuta ncha moja, kamba yote inateleza kwenye pete na kuanguka miguuni penu, maana mtaihitaji mbele. Mmenielewa? Kamba ikiwa juu, mnaweza kurudi. Mkishaivuta, ukuta ule ni laini kama sahani. Njia iliyobaki ni mbele tu.

Walishuka salama. Mshai alipiga kelele kidogo katikati, akacheka, wakacheka wote. Kisha Mwadime akashika ncha ya kamba mkononi, akasimama.

"Nivute?" akauliza.

Righa alikuwa ameegemea ukuta, shati limelowa jasho ingawa chini kule palikuwa na baridi. Akasema, "Vuta, kaka."

Mwadime hakuvuta. Alitazama juu kwenye ule utepe wa mbingu, bluu safi. Akasema, "Nikishavuta, hapa hapapandiki tena. Nivute?"

Palikuwa kimya. Wakesho aliliona lile wingu tena moyoni mwake, na pazia lake. Neno likamjia hadi kwenye meno. Lakini kimya kilizidi, na aliona kama wote wanamngoja yeye, na aliona haya, basi akakivunja kwa neno jepesi zaidi lililokuwa karibu.

"Shemeji, vuta twende," akasema.

Kamba ikaanguka mchangani.

Wakatembea. Mwanzoni uzuri uliwasahaulisha. Mwanga ulishuka kutoka juu ukawa wa rangi ya chungwa, ukawa wa zambarau mahali pa kivuli. Righa alipapasa kuta kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe. Mshai alizungumza bila kupumzika, akisema angewaleta watoto wake wa darasa la kwanza wote, kisha akihesabu ni nani kati yao angepotea kwanza.

Kisha njia ikabana. Wakageuka upande upande, wakavua mikoba wakaishika mkononi. Righa ni mtu mwenye mwili. Katikati ya ule mbano alikwama, si sana, ila pumzi moja ilimpita bila kuingia, na Wakesho aliyekuwa nyuma yake aliusikia mwili wake ukitetemeka kupitia jiwe. Akamuuliza kama yuko sawa. Righa akajibu kwa sauti ya juu isiyo yake kwamba yuko sawa kabisa, kwamba ni chakula cha jana tu, na wote wakacheka tena. Kicheko kile Wakesho alikiona hakikudumu, kililiwa na kuta.

Walipotoka kwenye mbano, Wakesho aliinua macho. Juu ya kichwa chake, juu kuliko mtu angeweza kufika hata akipanda mabegani mwa mwenzake, palikuwa na gogo. Gogo zima la mti, mizizi na yote, limekwama kati ya kuta mbili kama mfupa kooni. Na katika nchi ile hapakuwa na mti wa ukubwa ule. Ulitoka milimani.

Ndugu zangu, nani alilipandisha gogo lile? Wakesho alijua. Alisimama chini yake. Alielewa kwamba mahali pale aliposimama, siku fulani, maji yalikuwa juu yake kiasi kile. Mumewe naye alikuwa ametazama juu. Macho yao yakakutana. Kila mmoja akayaondoa yake upesi, kama watu waliokutana mahali pasipofaa.

Wakaendelea.

Ukaja upepo. Haukutoka mbele, ulitoka nyuma, kule walikotoka, hafifu, wa baridi, na ulikuwa na harufu. Kila mtu aliyekulia shamba anaijua harufu ile, udongo mkavu uliopata maji. Mahali pengine ni harufu ya furaha. Mle ndani Wakesho aliinusa mara moja, akageuka kutazama nyuma.

Mshai alisimama. Alimgeukia wifi yake, si kaka zake, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, huu upepo unatoka wapi? Mbona unanuka mvua?"

Jamani, hapo mlango ulikuwa umefunguliwa. Mtu mmoja kati ya wanne alikuwa amesema. Ilihitajika Wakesho aseme, hata mimi nimeinusa, na mambo yangegeuka. Wangeacha kutazama rangi za ukuta, wangeanza kutafuta pa kupanda. Muda ulikuwepo bado.

Lakini mnajua mtu anayeogopa anavyofanya mwenzake akiutaja woga? Anakasirika. Ni kama umemvua nguo. Wakesho akamjibu, "Ni baridi ya huku chini tu, jua halifiki. Usianze kututisha, Mshai."

Mshai akanyamaza. Alikuwa mtu mwenye maneno mengi, nimewaambia, na kimya chake kilikuwa kitu cha kuonekana. Halafu akajitikisa, akatabasamu, akasema atatangulia awape nafasi wazee. Akaenda mbele kwa hatua za haraka, na alipopinda kona ya kwanza akaanza kuimba. Aliimba pambio la kwaya ya wanawake, kwa nguvu, akipiga makofi, na ule ufa ukaichukua sauti yake ukaizidisha ikawa kama watu kumi. Righa alisema, sikia huyo, amefurahi. Mwadime akasema ndiyo, amefurahi.

Wakesho alitembea akiifuata ile sauti. Chini ya miguu yake mchanga ulikuwa umebadilika rangi. Aliinama kama anayefunga kiatu, akaugusa. Ulikuwa na unyevu. Akafuta kidole kwenye suruali.

Wakafika mahali ufa unapotanuka kidogo, na upande wa kushoto mwamba umetokeza ukutani kama rafu, juu ya kimo cha mtu. Hapo ndipo waliposikia. Mwanzoni Wakesho alidhani ni lori, akajiuliza barabara iko wapi. Ilikuwa ngurumo ya chini, isiyokatika, na haikuja kwa masikio, ilikuja kwa nyayo. Kisha kutoka nyuma yao ukaja ulimi wa maji. Ulikuwa mdogo, hauzidi kifundo cha mguu, wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba povu na vijiti na mavi ya mbuzi. Ulipita kati ya miguu yao polepole, karibu kwa adabu, ukaendelea mbele kuelekea kwa Mshai.

 Mwadime alimshika Wakesho kiunoni akamrusha juu ya ile rafu kama gunia. Akaunganisha viganja, Righa akakanyaga, Wakesho akamvuta kwa kola, akapanda akikwaruza uso. Maji sasa yalikuwa magotini.

Na kule mbele, nyuma ya kona, Mshai alikuwa bado anaimba.

Mwadime alimwita. Righa alimwita. Wakesho alimwita kwa jina lake lote. Lakini pambio lilikuwa kubwa na ngurumo ilikuwa kubwa, na jina likapotea kati yake. Mwadime aliitazama rafu, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amenyoosha mkono kumvuta. Akageuka, akakimbia na maji kuelekea kwenye kona, akapotea.

Wimbo ukakatika katikati ya mstari. Wakesho alisikia neno moja tu likiitwa, "Kaka," na halikuwa na woga, lilikuwa kama la mtu aliyefurahi kwamba amefuatwa.

Kisha yakaja maji yenyewe.

Sitaweza kuwaeleza. Wakesho mwenyewe hakuweza baadaye. Ulikuwa ukuta unaotembea, wa tope na mawe na miti, na kelele yake ilikuwa nzito hivi kwamba alimwona mumewe akifungua kinywa kupiga yowe na hakusikia kitu. Mwamba ulitetemeka. Maji yalipanda, yakapanda, yakalamba ukingo wa ile rafu, yakawafikia vidoleni. Walijibana ukutani wakashikana. Magogo yalipita mbele ya nyuso zao. Wakesho alifumba macho akaomba, lakini hakuomba kuokoka. Aliomba kitu cha ajabu. Aliomba arudishwe mahali pale penye upepo, aulizwe tena.

Maji ya nchi ile, ndugu zangu, huja kwa haraka na huondoka kwa haraka. Jua lilikuwa bado juu yalipoanza kushuka. Yakawa kiunoni, yakawa magotini, yakawa tope. Wakateremka. Wakaketi kwenye jiwe.

Ndipo Mwadime akatokea kwenye kona. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika na unaning'inia, amepakwa tope hata huwezi kumjua. Maji yalikuwa yamemtupa juu ya magogo yaliyokwama, yakamwacha hapo. Alikuwa peke yake. Righa alimuuliza Mshai yuko wapi.  Mwadime alikuja akaketi chini kwenye tope mbele yao kama mtoto.

Watu wa kule walimpata Mshai kesho yake, mbali kwenye tambarare, walipokuwa wakitafuta ngamia zao. Walimfunika kwa shuka yao wenyewe, na mwanamke mmoja wa kwao aliketi naye hadi ndugu zake walipofika, ili asiwe peke yake.

Lakini nataka mrudi nami pale kwenye tope, maana hapo ndipo penye mfano wangu.  Wakesho akaanza kulia, na katika kulia akasema. Akasema aliliona wingu asubuhi. Alilijua ni mvua. Aliinusa, akagusa mchanga, na Mshai alipouliza, yeye ndiye aliyemnyamazisha. Alisema alinyamaza kwa sababu wao wote walikuwa hawaogopi, naye hakutaka kuwa mwoga peke yake.

Righa akamtazama mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akasema naye aliliona wingu. Alisema tangu walipokanyaga mchanga wa chini alikuwa hapumui sawasawa, na kwamba alipolitazama lile gogo alitaka kupiga kelele, lakini alimwona mkewe ametulia.

Wote wawili wakamgeukia Mwadime. Sijui walitaka awaambie nini. Labda walitaka awakemee, awe kaka mkubwa, awaambie kwamba yeye hakuona kitu.

Mwadime alikuwa ameshika mkono wake uliovunjika. Akasema, "Mimi nililiona kabla yenu, tukiwa bado ndani ya gari."

Righa akasema, "Na ukavuta kamba?"

"Niliwauliza," Mwadime akasema. "Niliwauliza mara mbili. Nilikuwa naomba mmoja wenu aseme hapana."

"Mbona hukusema mwenyewe, kaka?"

Mwadime akainua uso. Alikuwa analia, na nduguye hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya kuzika wazazi.

"Ningesemaje, Righa?" akasema. "Mimi ndiye Mwadime."

Ndugu zangu.

Walikuwa watu wanne. Wote wanne waliogopa. Si mmoja, si wawili. Wote, na watatu tangu asubuhi, wakati gari lilikuwa bado karibu na kamba ilikuwa bado kwenye pete. Ingetosha mmoja kusema neno moja, wangerudi juu wakala chakula chao kivulini, na Mshai angekuwa Jumatatu mbele ya watoto wake. Nani aliyemuua? Maji? Ndiyo, maji. Lakini maji yalikuja kwa njia yake kama yanavyokuja siku zote. Waliomweka njiani ni watu waliompenda kuliko watu wote duniani, na walimweka pale kwa kujikaza.

Mnadhani nimesema habari ya jangwa? Jitazameni.

Asubuhi hii tumeingia hapa tumepiga pasi. Tumesalimiana mlangoni: hujambo, sijambo, habari za nyumbani, njema, Bwana asifiwe. Njema kweli? Yuko mama hapa aliyegusa uvimbe mwilini mwake akiwa bafuni, akavaa, akaja kuimba. Yuko baba ambaye mwanawe hajarudi nyumbani tangu wiki ile, na akiulizwa anasema yuko kwa shangazi yake. Wako mume na mke wameketi benchi moja, kila mmoja anaogopa kwamba ndoa yao inaisha, kila mmoja anamwona mwenzake ametulia. Na tunaimba. Tunaimba kwa nguvu! Na sisi tulio nyuma ya kona tunasikia tunasema, sikia huyo, amefurahi.

Na akitokea Mshai mmoja kati yetu, akathubutu, akasema wenzangu mimi naogopa, sisi tunamjibu nini? Tunamwambia usikiri hivyo. Kemea roho hiyo. Pokea ushindi. Yaani, usianze kututisha. Tunamfunga mdomo kwa maneno ya imani, si kwa sababu tunayo imani, bali kwa sababu amegusa mahali petu pabovu. Na yeye anatabasamu, anatangulia mbele peke yake.

Imani haikumwambia Wakesho anyamaze. Aliyemnyamazisha ni haya. Tusiviite kwa jina moja. Mungu aliyetuumba hashtuki mtu akimwambia naogopa, ameisikia sauti hiyo tangu zamani. Anayeshtuka ni jirani yako kwenye benchi, na anashtuka kwa sababu ulichosema ndicho alichokuwa anakificha.

Na ninyi mnaoitwa nguzo. Wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama, kaka wakubwa na dada wakubwa wa nyumba zenu. Mnaoulizwa ila hamuulizi. Nataka mnisikie zaidi ya wengine, maana watu wamewajengea kiti, na mnaona ni heri mtu afe kuliko ninyi kushuka kwenye kiti hicho. Shukeni. Watoto wenu wanawatazama ili wajue kama inaruhusiwa kuogopa.

Kwa kawaida nikifika hapa nawaambia mgeuke, mmwambie jirani jambo zuri. Leo sivyo. Leo tutakaa kimya, wapigaji vinanda wapumzike, na mwenye neno moja lililomkaa kwenye meno asimame alitamke hapo alipo. Hatutakemea mtu. Hatutampa jibu. Tutasikia tu.

Na nisiwatume mahali nisipokwenda. Wiki hii naingia hospitali, watanifungua kifua. Mama mchungaji anajua. Wazee hawajui, maana wamezoea kuniona nikisimama kando ya vitanda vya wengine, na mimi sikujua niwaambieje. Usingizi umenikimbia. Naandaa mahubiri na mikono inatetemeka, nikifika madhabahuni naificha nyuma ya kitambaa hiki. Haya, itazameni.

Ndugu zangu, naogopa.

Nani mwingine?